Kadi ya Kuuamsha Mto

Baba yangu aliitwa Ndesario na mama yangu aliitwa Makyao. Nilizaliwa Mbokomu, juu ya Kiboriloni, katika kihamba, shamba la ukoo lenye migomba, ambacho mfongo, yaani mfereji wa maji kutoka mtoni, hupita nyuma ya zizi la ng'ombe, kwa hiyo sauti ya kwanza niliyoisikia, kama mama alivyonisimulia, ilikuwa sauti ya maji yanayokwenda kwa watu wengine. Sikusoma. Kaka yangu Elisaria alipelekwa shule, nami nikapewa mundu na kamba ya kufungia majani. Silalamiki. Nayasema haya ili mjukuu wangu Anande, anayeandika, asije akatia mahali popote kwamba bibi yake aliona jambo fulani kitabuni. Anande, andika nilivyosema. Neno lisilokupendeza liache lilivyo.

Vijana wa ofisi ya vipimo vya maji mjini Moshi waliniomba, siku niliporudisha funguo, niwaachie maneno juu ya mashine ya zamani, ile ambayo wengi wenu mmeiona imefunikwa turubai tu. Habari za vyeo sitazisema, kwa kuwa sikuwa navyo. Wala za mshahara, kwa kuwa mnaujua. Nitasema habari za kadi moja iliyokuwa ndani yake, na ya siku niliyoipanga vibaya.

Siku ya kwanza nilifika na ndoo, dekio na viatu vyangu vya kanisani. Mlangoni nilimkuta Fundi Salehe, mtu wa Tanga, mrefu, mwenye koti jeupe lililopigwa pasi hadi mikunjo yake ikawa kama ya karatasi. Nikamwamkia.

"Marahaba, dada. Vua viatu."

"Kwani humu ni msikitini?"

"Humu ni pagumu kuliko msikitini. Mola husamehe vumbi, lakini hii haisamehe. Na hilo dekio likamue mpaka lilie. Tone moja likiingia nyuma ya kabati lile, wewe na mimi tutarudi makwetu leo hii, wewe kwa miguu na mimi kwa basi."

Nikavua viatu, nami sikuvivaa tena ndani ya chumba kile kwa miaka yote iliyofuata.

Mashine ilikuwa na ukubwa wa makabati mawili ya nguo. Ilikuwa na taa ndogo nyekundu zilizokonyeza bila mpango niliouelewa, na feni zake zilivuma kwa sauti moja tangu asubuhi, sauti ya mvua inayonyesha kwenye migomba ya jirani na isiyokufikia wewe. Katika kabati la pili ilikaa diski, sahani nzito ya rangi ya kahawia iliyofungiwa ndani ya kifuniko. Fundi Salehe aliniambia kwamba humo ndimo walimohifadhi vipimo vya mito na mifongo inayoshuka mlimani, kila asubuhi na kila jioni, kama wapimaji walivyovileta. Mara nyingi nilisimama na dekio mkononi nikiitazama. Nilikuwa nimeteka maji ya Mto Rau tangu utoto, na sasa naambiwa kwamba mto ule ule, pamoja na siku zake za zamani ambazo hakuna mtu aliyezikumbuka, umelala ndani ya sahani, unazunguka bila kulowesha kitu. Nilipofunga macho niliweza kuusikia. Fundi alisema ni feni.

Umeme ulipokatika, mashine ilisahau kila kitu. Uliporudi, mashine ilikuwa kama mtu aliyeamshwa ghafla katika nyumba asiyoijua: nguvu anazo, macho anayo, lakini hajui mlango uko wapi. Diski iko ubavuni mwake, naye hajui kwamba ana diski. Kazi ya kumwambia aanzie wapi ilikuwa ya kadi moja iliyochomekwa katika nafasi ya mwisho kabisa. Kadi hiyo ilikuwa na chipu zilizobeba maneno machache ya kwanza, na safu ya swichi kumi, kila moja ndogo kuliko punje ya mchele. Swichi zikipangwa namna moja, mashine huanzia kwenye diski. Zikipangwa namna nyingine, huanzia kwenye tepu ya kuijaribia. Zikipangwa ovyo, hubaki na taa nyekundu inawaka, ikingoja, na ingengoja hata kiama.

Kila mwisho wa mwezi Fundi alizipanga kwa tepu, akaijaribu mashine, kisha akazirudisha kwa diski. Macho yake yalipoanza kuchoka aliniita. Alikuwa ameona vidole vyangu nilipokuwa nikichambua mchele wa chakula cha mchana.

Sikilizeni vijana, maana haya hata mashine zenu mpya zinayataka. Zima umeme, kisha ngoja feni isimame kabisa; ukiisikia inazunguka, bado hujazima. Gusa chuma cha kabati kabla ya kugusa kadi, ili umeme wa nguo zako uondoke kwa amani. Vuta kadi kwa vishikio vyake viwili kwa nguvu sawa. Ukivuta upande mmoja utaipinda, na hakuna duka Kiboriloni linalouza nyingine. Swichi zisukume kwa ncha ya bisibisi ndogo. Usitumie penseli hata kama unayo sikioni, kwa sababu unga wake hupitisha umeme. Nilimwona mtu aliyesoma sana akitumia penseli. Alisoma tena siku hiyo.

Namba na herufi zilizoandikwa pembeni mwa swichi sikuzijua. Meza ya kufanyia kazi ilikuwa chini ya dirisha, na dirisha lilitazama mlima. Kwa hiyo swichi iliyosukumwa mbele ilielekea mlimani, na iliyovutwa nyuma ilielekea tambarare. Mpango wa diski niliushika kwa wimbo, kama tunavyoimba tukipura maharage: mlima, mlima, tambarare, mlima, tambarare, tambarare, mlima, mlima, mlima, tambarare. Nikaziweka, Fundi akawasha, taa nyekundu ikazimika, na diski ikaanza kunguruma taratibu.

Fundi alicheka mpaka akavua miwani. "Dada Ndeshi, hivi watu wa kwenu hata kijiko kikipotea mezani mnauliza kama kiko upande wa mlima?"

"Na kwenu Tanga mnaulizaje?"

"Tunasema kulia, au kushoto. Kama binadamu."

"Kulia kwa nani?"

Akafikiri kidogo. "Wewe futa vumbi," akasema. Lakini tangu siku hiyo hata yeye alipotaka kadi ipangwe aliniambia, "Dada, imba mlima wako."

Tulifanya kazi hivyo miaka mingi. Yeye ndiye aliyeninyoosha Kiswahili changu, maana hakuvumilia kusikia sentensi iliyokatika mguu. Kisha akaugua kifua, akarudi kwao, na baada ya masika moja tukaletewa habari kwamba ametangulia mbele ya haki. Siku hiyo nilideki chumba mara mbili. Feni zilivuma vilevile. Nilishangaa kwamba hazikujua.

Akaja Injinia Fidelis, mtu wa Rombo, mpole, mwenye kompyuta mpya ndogo zilizokaa juu ya meza kama masanduku ya mkate. Mwishoni mwa mwaka mashine ya zamani ilizimwa, kadi ikiwa imepangwa kwa tepu, ikahamishiwa chumba cha nyuma kisicho na dirisha, pamoja na meza yake. Kitabu cha maelekezo kiliwekwa chini sakafuni, na mchwa wakakisoma chote.

Mwaka uliofuata mvua za vuli hazikuja. Wakulima wa mpunga wa chini, upande wa msitu wa Rau, walipeleka malalamiko kwamba mfongo wa kwetu Mbokomu unachukua maji kuliko zamani. Watu wa kwetu wakakana. Kamati ya maji ikasema itakaa siku ya Jumatatu, nayo inataka vipimo vya miaka iliyopita. Vipimo hivyo vilikuwa kwenye diski ile tu, na hakuna kompyuta mpya iliyoweza kuisoma.

Niseme wazi nilichokijua. Kaka yangu Elisaria alikuwa msimamizi wa mfongo. Masika ya mwaka uliotangulia alipandisha saruji mpaka kwenye kinywa cha mfongo, mahali unapotoka mtoni, akasema anaziba ufa. Nilipita pale na mzigo wa majani kichwani. Kinywa kilikuwa kimepanuliwa kwa kiasi cha hatua moja. Sikusema neno. Mahindi yangu pia yalinyweshwa na hatua hiyo.

Siku ya Jumatano alikuja ofisini mama mmoja mkulima wa mpunga, Mama Zuhura, akitafuta wa kumsikiliza, na aliyemkuta kwenye korido ni mimi. Alifungua pindo la khanga yake, akatoa miche mikavu, akaiweka juu ya ukingo wa ndoo yangu.

"Hii ndiyo niliyopanda," akasema. "Mwambie bosi wako aniambie inaitwaje, maana mpunga siyo."

Siku iyo hiyo Injinia aliniita. "Mama Aika, wanasema wewe ndiye unayejua kuiamsha."

Nilifurahi kuitwa, nikiri hivyo. Nikavua viatu. Nikahakikisha imezimwa, nikagusa chuma, nikavuta kadi, nikaiweka mezani vishikio vikiwa upande wangu, nikaimba kimoyomoyo nikizisukuma swichi moja baada ya nyingine. Tukaichomeka. Injinia akawasha. Feni zikavuma, taa nyekundu ikawaka, ikabaki imewaka. Diski haikutikisika. Tukarudia mara tatu. Kila mara niliimba wimbo ule ule, na kila mara taa ile ilinitazama kama ng'ombe anayekataa kupanda kilima.

"Mmeigonga mlipoihamisha," nikamwambia.

"Hatukuigonga, mama. Tulikuwa watu wanane."

"Watu wanane ndio wagongaji. Fundi Salehe angekuwepo usingeiburuta kama gunia la vitunguu."

Akasema kwa upole ulioniudhi zaidi, "Basi, mama. Ijumaa nitaandika kwamba imekufa."

Alhamisi sikwenda kazini. Nilikaa na mama yangu Makyao, ambaye macho yake yalikuwa yamekwisha kupofuka. Ilikuwa mchana wa ukungu, ule ukungu unaoingia kihambani bila kubisha hodi na kuifanya migomba ionekane kama watu waliosimama wakikusubiri umalize kusema. Moshi wa jikoni ulikuwa unamwumiza mama, kwa hiyo tulimgeuza pamoja na kigoda chake, akaupa moto kisogo. Mama yako Aika, Anande, alikuwa mtoto wakati huo. Akamwekea bibi yake kikombe cha uji kwenye kibao.

"Bibi, kikombe kiko kulia kwako."

Mkono wa mama ukapapasa hewani. "Kulia, kulia! Semeni kiko upande gani."

"Upande wa mlima, mama," nikasema.

Mkono ukaenda moja kwa moja, ukakishika.

Nikabaki nimemtazama. Hakuona, jiko halikuwa na dirisha, nasi tulikuwa tumemgeuza. Lakini mlima ulikuwa pale pale, naye aliufuata huo, hakufuata kigoda. Ndipo nikakiona kile chumba cha nyuma. Meza ilikuwa imeegemezwa ukuta wa upande wa pili. Nikikaa pale, mlima uko mgongoni mwangu. Nilipoimba mlima, mkono wangu ulivuta swichi kuelekea kifuani, kwa kuwa mlima ulikuwa huko. Nilipoimba tambarare, ulisukuma mbele. Swichi zote kumi nilikuwa nimezigeuza kinyume, wala sikuhisi kosa lolote, kwa maana mwili wangu ulisema kweli. Mashine ndiyo iliyokuwa haiujui mlima.

Kabla jua halijazama alikuja kaka yangu. Alisimama uani akikung'uta tope kwenye viatu.

"Nasikia mashine yako imekufa."

"Nani kakuambia?"

"Moshi ni mji mdogo. Iache ilale, dada. Jumatatu kamati itapanda, itaandika kwamba vipimo havikupatikana, itakula ndizi nyama, itashuka."

"Na watu wa chini?"

"Wa chini wana visima."

"Vina maji?"

Akaacha kukung'uta tope. "Wewe ni dada yangu, au ni dada yao?"

Mnaponiuliza ni siku gani ilikuwa ngumu kuliko zote katika kazi yangu, mnadhani nitataja siku mashine iliposhika moto. Ilikuwa siku hiyo. Nilikuwa na neno moja ambalo hakuna mwingine duniani aliyekuwa nalo. Ningenyamaza, hakuna mtu ambaye angenilaumu. Wangesema bibi wa dekio alijaribu, akashindwa. Kaka yangu angebaki kaka yangu, na mahindi yangu yangebeba. Niliitafuta sababu ya kunyamaza kama mtu anayetafuta sindano, kwa bidii, nikaipata zaidi ya moja. Lakini ile miche nilikuwa nimeichukua nyumbani bila kukusudia, iko ndani ya ndoo, na kila nilipopita ilitoa harufu ya majani makavu.

Ijumaa asubuhi nilikata jani la isale mpakani mwa kihamba. Kwetu, mtu aliyekosa humpelekea aliyemkosea jani hilo, na anayelipokea hana ruhusa ya kuikataa toba. Nikashuka Kiboriloni katika ukungu, sikuona mita kumi mbele, lakini mteremko ulinichukua. Injinia Fidelis alikuwa ameshika kalamu tayari. Nikaliweka jani mezani pake.

"Mama, hili la nini?"

"Nilikuambia umeigonga mashine. Hukuigonga. Mimi ndiye niliyeipanga kadi kinyume."

Akalitazama jani, akatazama mlango. "Mama Aika, isale ofisini? Nikiandika hivi kwenye ripoti watanipima akili."

"Usiandike. Pokea."

Akasimama, akalipokea kwa mikono miwili, kama alivyolelewa.

Nikaiweka kadi mezani. Safari hii nilifumba macho kwanza, nikajiweka tena chini ya dirisha la zamani, na Fundi Salehe nyuma yangu akipumua kwa shida yake ile. Mlima ukawa mbele. Nikaimba. Injinia akawasha, feni zikaamka, taa nyekundu ikawaka, ikakaa kwa muda ambao ningeweza kufunga mzigo mzima wa majani, kisha ikazimika. Diski ikaanza kuzunguka, sauti ikipanda polepole kama maji yanayofika mferejini baada ya kufunguliwa mbali sana juu. Kwenye skrini ikatokea alama moja ya kijani, halafu maneno. Injinia akasema, "Mungu wangu," kwa sauti ya mtu aliye kanisani.

Akaandika jina la mfongo wetu. Mashine ya kuchapa ikaanza kutema karatasi, na karatasi zikajikunja sakafuni karibu na miguu yangu mitupu, mto wa miaka yote ukitoka safu kwa safu, wa masika na wa kiangazi, wa siku niliyoolewa na wa siku aliyozikwa baba.

"Soma," nikamwambia.

"Ni ndefu, mama."

"Soma ya kwetu."

Akasoma, kidole kikishuka. Maji ya mfongo yalipanda na kushuka kama yanavyopaswa, mwaka baada ya mwaka. Halafu kidole kikasimama. "Hapa yamepanda, na hayakushuka tena. Kuanzia masika ya mwaka jana." Akainua uso. "Mama, kwenu si ndiko huko?"

"Ndiko. Kinywa cha mfongo kilipanuliwa. Nilikiona. Peleka karatasi, na hilo nalo uliseme."

Kamati ilikaa. Kinywa kikapunguzwa mbele ya mashahidi wa juu na wa chini, na maji yakawekwa kwa zamu. Mwaka ule mahindi yangu hayakubeba. Mama Zuhura sikumwona tena, wala sikuhitaji kuonwa naye. Kaka yangu nilimpelekea isale kwa kumfedhehesha, siyo kwa kusema kweli. Hilo nililieleza kwa sauti langoni pake ili asikosee. Hakufungua. Jani lilikaa kwenye upenyo wa lango mpaka likawa la manjano, kisha siku moja sikulikuta. Hajaniambia kama alilichukua yeye au upepo. Kanisani hukaa benchi la pili kutoka langu, naye huniamkia.

Kazi niliendelea nayo miaka mingi baada ya hapo, na mashine mpya, ambazo huanza zenyewe bila kumwuliza mtu. Sina la kusema juu yake, isipokuwa kwamba zinachafuka vilevile.

Sasa, Anande, ya kuhifadhi ni haya. Kadi ni mali ya ofisi, usiiombe. Bisibisi ndogo mpe kijana atakayeshika funguo za chumba, umwonye kuhusu penseli. Karatasi ya vipimo aliyonipa Injinia, ile yenye alama ya kidole chake mahali maji yalipopanda, iweke kwenye mkebe pamoja na hati ya kihamba. Usiichome, hata babu yako Elisaria au watoto wake wakikuomba. Akikuomba umsomee, msomee yote, namba kwa namba, bila kupunguza na bila kukaza sauti.

Na uhifadhi zamu. Zetu ni Jumanne na Jumamosi. Leo maji ni ya watu wa chini. Funga daftari, upande mpaka kwenye lango letu la mfongo uhakikishe kwamba limezibwa sawasawa, na usirudi hapa na miguu mikavu ukaniambia umefika.